Ferguson la kijivu lenye nafasi mbili za betri: ni volti 6, 12 au 24?

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa kanunua trekta la Ferguson TEF20 la dizeli, yale ya kijivu, lililokuwa limelala miaka mingi shambani. Betri hakuna, nyaya zimekatwa, ila nafasi za kukalia betri ziko mbili. Fundi mmoja kamshauri afunge betri mbili za volti 12 apate 24, "dizeli ishtuke vizuri". Fundi wa pili kasema matrekta yote ya enzi zile ni volti 6. Anauliza amsikilize yupi.

Usimsikilize hata mmoja. Hilo ni trekta la volti 12. TEF20 ilianza kutoka mwaka 1951, na kiwandani ilifungwa betri mbili za volti 6 zilizoungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine, jumla 12. Nafasi mbili ulizoziona kazi yake ni hiyo.

Mafundi wako hawajatunga, wamechanganya matrekta tu. Ferguson za petroli za mwanzo kabisa zilikuwa volti 6, na Wamarekani nao walikaa huko muda mrefu: Ford 8N ya 1947 mpaka 1952 ni volti 6, Farmall H na M vilevile. Volti 24 nayo ipo. John Deere 4020 za dizeli za miaka ya 1960 zilitoka na betri mbili za 12 zikitoa 24 kwa stata, ndipo karibu na mwisho wa muongo ule wakarudi 12. Kwa hiyo anayetazama nafasi za betri peke yake anaweza kukisia chochote.

Nakushauri hata jibu langu hili ulihakiki kabla hujatoa hela. Trekta la miaka ya 1950 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na huku kwetu stata ikifa mtu hufunga inayopatikana. Volti haiamuliwi na betri, imeshaamuliwa na waya uliozungushwa ndani ya stata na dinamo. Anza na stata: futa grisi na matope kwenye mwili wake, tafuta kibao au namba zilizogongwa kwenye chuma. Za Lucas na CAV, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya Uingereza, mara nyingi zina alama ya volti. Kisha dinamo, halafu katauti, kile kisanduku kinachosimamia chaji ya dinamo. Ukikuta katauti ya Lucas RB106, ile yenye teminali tano za A, A1, F, D na E, isome vizuri, volti huwa imeandikwa. Mwisho ng'oa glopu ya taa kama imebaki, kitako chake kina maandishi. Vitu viwili au vitatu vikikubaliana, umemaliza. Vikipingana, stata ndiyo bwana, vingine vinabadilishwa kuifuata.

Na ukipata betri kuukuu isiyo na kibandiko, hesabu vifuniko vya kutilia maji. Kila seli ya betri ya risasi inatoa kama volti 2.1. Vifuniko vitatu ni betri ya 6, vifuniko sita ni ya 12.

Sasa hili la 24, kwa sababu nimeona watu wengi wamelishangilia hapo juu. Ni kweli stata ya 12 ukiipa 24 itazunguka kwa kishindo. Ukiongeza volti mara mbili, umeme unaopita nao unakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo nguvu inayoingia pale stata inapoanza kugeuka ni kama mara nne. Nguvu hiyo inapokelewa na meno. Gia ndogo ya stata inarushwa kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kama nyundo, na baada ya muda utasikia sauti ya kusaga: meno yamelika upande mmoja. Kubadilisha ringi ya flaiwili kwenye Ferguson maana yake ni kulipasua trekta katikati, injini mbele, gia boksi nyuma, kwa sababu trekta hizi hazina chasisi, injini na gia boksi ndiyo uti wa mgongo. Huku Karatu nimeshiriki kupasua trekta kwa sababu hiyo hiyo, na mwenyewe alikuwa anajisifu msimu mzima kwamba lake linawaka kwa mguso mmoja. Tena dinamo ya 12 haiwezi kuchaji betri za 24 hata kidogo. Utakuwa unazibeba kwenda kuchajiwa mjini kila baada ya siku chache za kulima.

Anayetaka nguvu zaidi aongeze ampia-saa, asiongeze volti. Betri mbili za 12 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinabaki volti 12 lakini akiba inakuwa mara mbili. Sharti ziwe za ukubwa mmoja na umri mmoja, la sivyo ile mbovu itainyonya nzima usiku kucha.

Kwa trekta lako, sahau kutafuta betri mbili za 6. Za volti 6 zinazopatikana kwa urahisi madukani ni ndogo za pikipiki za zamani, au zile kubwa za sola na magari ya gofu. Za sola zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Stata inataka mamia ya ampia kwa sekunde chache, kitu ambacho si kazi yao. Hili liwafikie pia wale wanaochomoa betri ya sola ya nyumbani asubuhi na kuifunga kwenye trekta. Funga betri moja ya gari ya volti 12. Injini hiyo ina lita 2.1 hivi na ni dizeli, mgandamizo wake ni mkubwa, kwa hiyo usishuke chini ya N70, yaani ya ampia-saa 70. Kama uko sehemu za baridi, Karatu, Njombe, Mbulu, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, chukua N100 na usijute hela iliyozidi. Pima kwanza nafasi, maana N100 ina urefu wa kama sentimita 41 na nafasi moja ya Ferguson haitaimeza. Mchomeleaji atakutengenezea trei ya chuma cha pembe. Hakikisha betri imebanwa isirukeruke, maana mtikisiko wa shambani unavunja bamba za ndani mapema kuliko kuchoka kwa chaji.

Lakini mkuu, naona chini ya swali lako kuna swali jingine. Umeandika kwamba ulijaribu betri ya Noah "stata ikazunguka kivivu", na hapo ndipo wazo la 24 lilipozaliwa. Stata kuzunguka kivivu, kwa niliyoyaona, tatizo mara nyingi liko kwenye nyaya na ethi, ule muunganiko wa betri na mwili wa trekta. Betri ya Noah ni ndogo kwa dizeli hiyo, sawa, ila pima kabla ya kulaumu. Mita ya kawaida ya bei nafuu inatosha. Betri iliyojaa na iliyopumzika isome 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0 iko karibu na kuisha, hata kama taa zinawaka. Mtu apige stata huku wewe unaangalia: ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ni dhaifu au stata inakula kupita kiasi. Ikibaki juu ya 11 na stata bado inajikokota, umeme unapotelea njiani.

Kuutafuta unakopotelea, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kinachokwenda ethi, nyingine kwenye mwili wa stata wenyewe, upige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Rudia upande wa pili: kichwa cha betri mpaka teminali kubwa ya stata. Utashangaa. Rangi, kutu na matope ya miaka sabini vinakaa kati ya ethi na chuma. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu yake. Nyaya nazo zisiwe zile nyembamba za gari dogo. Waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita za mraba 50 ni mzuri sana, mlaini na unapatikana. Kwa wenye matrekta ya volti 6 hili ni la lazima zaidi, kwa sababu kwa kazi ile ile 6 inahitaji ampia mara mbili ya 12, na nusu volti inayopotea kwao ni sehemu kubwa ya kilichopo.

Kabla hujaunga chochote, jua ethi ni ipi. Matrekta mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa na chanya kwenye mwili wa trekta, kinyume cha magari ya leo. Dinamo na stata za aina hiyo zinaweza kufanya kazi pande zote mbili, na stata yenye koili za sumaku haibadilishi mwelekeo ukigeuza betri. Ukiamua kuhamia hasi kwenye ethi, ambavyo mimi ningefanya, geuza betri, badilishana nyaya nyuma ya ampmita, kisha iamshe dinamo upya: chomoa waya wa F kwenye dinamo, gusisha F kwa waya mdogo kutoka kichwa cha betri kisichokwenda ethi, sekunde moja tu, cheche zitoke. Bila hivyo dinamo itaendelea kuchaji kinyume na katauti itaungua. Tahadhari mbili hapa. Stata mpya nyepesi zenye sumaku za kudumu huzunguka kinyume ukigeuza betri. Na altaneta ikiungwa kinyume hata kwa kufumba na kufumbua, dayodi zake zimekwenda.

Kuhusu kuazima umeme kwa lori, kwa sababu ndivyo itakavyotokea siku betri ikilala shambani: Scania na Fuso kubwa ni volti 24, betri mbili za 12. Ukikamata ncha mbili za mwisho umelipa trekta 24. Lori lizimwe, kamata kwenye betri moja tu, chanya na hasi za betri hiyo hiyo. Na kama trekta lako bado lina chanya kwenye ethi, vyuma vya mashine hizo mbili visigusane popote, hata mnyororo wa kuvutia usiwe umefungwa. Mwili wa lori ni hasi, wa trekta ni chanya, vikigusana wakati waya umeungwa ni shoti kamili.

Yule aliyeuliza katikati ya uzi kuhusu Ford 8N ya mjomba wake aliyetaka kuihamisha kutoka 6 kwenda 12: inawezekana na wengi wamefanya. Glopu zote zibadilishwe, koili ya plagi ibadilishwe au iwekewe rizista mbele yake, dinamo au altaneta iwe ya 12. Stata ya 6 huvumilia ikiwa hupigi muda mrefu. Ila kama ya 6 ilivyo sasa inawaka vizuri, mwambie anunue nyaya nene akalime.

Mleta uzi, safisha stata, piga picha ya kibao na ya teminali za katauti, uziweke hapa. Kama stata iliyopo siyo ya kwanza, tutajua tukiiona.