S950 yako ni nzima, usiiuze

Kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia wiki hii: "Kaka, nimeagiza Akai S950 kutoka Marekani, nimeichomeka kwenye MPC2000 yangu, imekaa kimya. Niiuze?" Usiuze, mdogo wangu. S950 ni sampla, mashine inayorekodi sauti fupi na kuzipiga kama ala; MPC2000 nayo ni sampla, ila ina pedi za kugonga na kupanga midundo. Najua wengi mnaosoma hapa mnaitafuta sauti hiyo hiyo, ndiyo maana najibu mbele ya wote.

Studio moja niliyofanyia kazi, bosi aliniambia mbele ya wasanii nitoe "vyuma chakavu" vyangu, vinamjazia chumba. Nikavibeba vyote nikaondoka. Maneno yale bado yananiuma. Mwezi uliopita tumemaliza albamu ya msanii wangu, midundo yote imepita kwenye S950, na sasa maprodyuza wananipigia simu kuuliza ile kiki (ngoma nzito ya chini) ni ya programu gani. Si ya programu yoyote. Ni ya chombo cha mwaka 1988, biti 12, ambacho kisipoongezewa kumbukumbu kina KB 750 tu. Ukirekodi kwa kiwango cha juu kabisa unapata kama sekunde 10, basi. Ndipo unapojifunza kuchagua sauti.

Haya, tuunganishe. Kwanza soma kibandiko cha volti nyuma ya mashine. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka 120, ya Japani 100, na ukutani kwetu kuna 230. Kama haiendi na umeme wetu, nunua transfoma ya kushusha, tena nzuri.

Kisha waya wa MIDI, unaobeba amri za noti na si sauti yenyewe: OUT ya MPC iende IN ya S950. Sampla ya tatu ukiwa nayo, waya wake utoke kwenye THRU ya S950, tundu linalopitisha mbele kilichoingia IN. MPC ndiyo kiongozi, nyingine zinafuata. Kwenye MPC fungua traki, angalia sehemu ya MIDI. Ikiwa imezimwa hakuna kinachotoka hata ugonge pedi hadi kesho. Weka 1A, yaani chaneli 1 ya OUT A, halafu S950 nayo iweke chaneli 1.

Hapo sauti itatoka, lakini vurugu, na hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa. Pedi za MPC hazijapangwa kama kinanda. Nne za kwanza zinatuma noti namba 37, 36, 42 na 82. Sauti yako kwenye S950 ikiwa imewekwa kwenye noti 60, pedi ya pili inaishusha oktava 2, ya nne inaipandisha hadi inalia kama panya. Mashine haina kosa. Ndani ya S950 ipe kila sauti eneo lake la noti: kiki 36 peke yake, hati (hi-hat, matoazi) 42 peke yake. Au badilisha namba za pedi kwenye MPC. Mimi napanga upande wa S950, ili flopi yangu, diski ninayohifadhia sauti, ifanye kazi na MPC yoyote nitakayoikuta.

Jambo jingine. Kwenye MIDI kila noti inachukua karibu milisekunde 1 kupita, na zinapita moja moja. Ukirundika kodi nene (noti nyingi zinazopigwa pamoja), besi na ngoma kwenye waya mmoja, za mwisho zinachelewa na mdundo unalegea. MPC2000 ina OUT mbili, A na B. Ngoma zipe njia yake.

Ukisikia mlio wa chini usiokoma kwenye spika, usiulaumu waya wa MIDI. Ndani ya tundu la IN ishara inavuka kwa mwanga, umeme wa mashine mbili haugusani. Angalia nyaya za sauti zinazokwenda kwenye mikisa, na chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi.

Vijana, someni mwongozo kabla ya kutafuta mashine nyingine. Kaa na moja uijue, kurasa zake zote, hadi vidole viende vyenyewe. Anayebadilisha vyombo kila mwezi anabaki mgeni wa vyote.

Na hifadhi kazi kwenye flopi kila unapopata sauti nzuri. S950 haikumbuki chochote ikizimwa, na umeme wetu mnaujua. Tengeneza nakala mbili, moja ikae nje ya studio.