Kona ya Gemu: Mbona Eevee wangu anageuka Umbreon mchana kweupe?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, saa. Kwa msiocheza, Eevee ni mnyama wa gemu za Pokémon, ukimpandisha levo mchana anageuka Espeon, usiku anageuka Umbreon. Nimefurahi sana manake hili jambo mimi mwenyewe lilinipiga chenga nikiwa mdogo, kwa hivo nimechagua tano na nitajibu kwa nafasi.

SWALI: Salaam aleikum kaka. Niko Kisauni, fomu tuu. Nilinunua DS (ile mashine ndogo ya gemu) ya mtumba na kaseti ya Pokémon HeartGold kwa jamaa mmoja mjini. Nataka Espeon lakini Eevee wangu wote watatu wamekuwa Umbreon, na nlikuwa nawapandisha levo mchana! Wa mwisho ilikuwa saa mbili asubuhi, jua lishatoka kitambo. Je, nimeuziwa kaseti feki?

Waaleikum salaam mdogo wangu. Kaseti yako sidhani kama ina makosa, na kabla hujamrudia huyo jamaa nataka ufanye kitu kimoja. Zima gemu, washa DS, usiingie popote, angalia tu saa pale kwenye ukurasa wa mwanzo. Ikiwa ni saa mbili asubuhi na DS imeandika 2:00 basi ugonjwa tushaujua.

Sisi tunahesabu saa tangu alfajiri. Jua likitoka ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja, na mtu yeyote wa Mombasa ukimwonyesha 2:14 asubuhi atakwambia saa mbili na robo, sawa kabisa, wala hatashtuka. Lakini DS haijui Kiswahili. Yenyewe inahesabu tangu usiku wa manane mpaka 23:59, kwa hivo 2:14 kwake ni saa nane na robo ya usiku, watu wamelala. Wewe uko barazani na mahamri yako na mbaazi, jua linakupiga, Eevee anapanda levo, gemu inaangalia saa yake inaona ni usiku mkuu, inakupa Umbreon. Haijakosea. Imefuata ilichoambiwa.

Na mimi yalinipata hayo hayo. Tulikuwa na DS moja nyumba nzima, bawaba yake imevunjika tumeifunga na selotepu, na aliyeweka saa alikuwa binamu yangu mkubwa, aliweka saa ya ukutani ya sebuleni vile vile ilivyo. Miezi tulicheza ivo. Usiku saa mbili tukirudi kutoka msikitini kwenye gemu kulikuwa kweupe pepepe, manake DS ilisoma 14:00, na sisi tukadhani ndio gemu ilivyotengenezwa! Siku nlipogundua nlikaa kimya muda mrefu sana nikiangalia ile skrini.

Sasa dawa. Ingia kwenye settingi za DS yenyewe, sio za gemu, urekebishe. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni, chukua saa yetu uongeze sita: saa moja asubuhi ni 7, saa sita mchana ni 12, saa kumi na moja jioni ni 17. Usiku unaongeza kumi na nane, ukifika ishirini na nne au kupita unatoa ishirini na nne: saa moja usiku ni 19, saa sita usiku ni 0, saa kumi alfajiri ni 4. Ukishabadilisha, gemu itagundua kuna mtu amechezea saa na vile vitu vya kila siku vitasimama mpaka siku ipite, usiogope. Kugeuka kwa Pokémon hakuzuiliki, kwenyewe kunaangalia saa ya wakati ule tu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo hata ukiweka saa sawa litakuchanganya. Kwenye HeartGold usiku unaanza 20:00, yaani saa mbili usiku, na unaisha 4:00. Sisi huku magharibi inaingia saa kumi na mbili na kitu, ikifika saa moja na nusu giza limeshatanda na watu wanajiandaa kwa isha, lakini gemu bado inasema ni mchana! Ukimpandisha levo saa hiyo utapata Espeon gizani. Hizo saa ziliwekwa na watu wa Japani, hazikupimwa kwa jua la Kisauni. Kwa hivo usiangalie dirishani, angalia namba.

Urafiki wa Eevee na wewe, ambao gemu inauhesabu kwa namba, nadhani uko sawa maana wote watatu wamegeuka, ingekuwa haujafika 220 kati ya 255 wasingegeuka kabisa. Endelea kutembea naye nyuma yako, usimwache azimie vitani, na zile dawa chungu za majani usimpe, zinapunguza urafiki. Na saa hiyo hiyo ndio itakayokuamulia Pokémon wengine: Riolu anataka urafiki na mchana ndio awe Lucario, Sneasel anataka ashike Razor Claw, yaani kucha kali, apande levo usiku ndio awe Weavile, na Gligar ashike Razor Fang, usiku pia, awe Gliscor. Kama umewahi kumpa Sneasel ile kucha ukamaliza wiki nzima usiku hageuki, sasa unajua kwa nini.

Wale Umbreon watatu hawarudi tena kuwa Eevee. Watunze tu. Umbreon ni mvumilivu vitani kuliko Espeon, anapigwa hapigiki, na mimi binafsi kama ningeambiwa nichague mmoja ningemchukua yeye.

SWALI: Nina Gold ya kitambo, ile ya Game Boy Color. Ramadhani iliyopita nlikuwa macho nangoja daku, nje giza totoro, nikampandisha Eevee levo nikijua napata Umbreon. Nikapata Espeon. Saa yangu iko sawa nimehakikisha. (Msomaji wa Majengo)

Uliangalia ilikuwa ngapi? Nina hakika ilishagonga saa kumi. Gold na Silver, zilizotoka Japani 1999 na ndizo zilizoleta mambo ya saa kwenye Pokémon, zimegawa siku mara tatu: asubuhi ni 4:00 mpaka 9:59, mchana 10:00 mpaka 17:59, usiku 18:00 mpaka 3:59. Saa kumi alfajiri ndio 4:00. Wewe unakula daku ukijua ni usiku, kwa gemu asubuhi ishaingia, na kwa Eevee asubuhi na mchana ni kitu kimoja, anakuwa Espeon. Ungempandisha kabla hujaingia jikoni ungempata Umbreon wako. Jioni nayo ni kinyume, usiku wa Gold unaingia saa kumi na mbili kamili wakati jua letu bado halijazama.

Siku nyingine ukiona anaanza kugeuka na wewe huna hakika na saa, bonyeza B anasimama. Atajaribu tena levo inayofuata.

Alafu kwa kuwa una kaseti ya zamani, nikuonye. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, ndio inayoendesha saa hata ukiwa umezima, na ndio hiyo hiyo inayoshikilia sevu yako, yaani mchezo uliouhifadhi. Ikifa unapoteza vyote viwili. Kama hujawahi kuibadilisha, hamisha unaowapenda waende kaseti nyingine kabla.

SWALI: Nacheza FireRed. Eevee wangu tumetoka mbali, nimempandisha mpaka levo 60, mchana nimejaribu usiku nimejaribu. Hageuki. Kosa langu nini? (Tudor)

Huna kosa. FireRed na LeafGreen za 2004 hazina saa ndani, hazijui mchana wala usiku, kwa hivo Espeon na Umbreon hawapatikani humo hata ufikishe levo 100. Nimeona watu wengi wamehangaika na hili na inaniuma, manake gemu haikwambii popote. Humo utatumia mawe tu, la maji upate Vaporeon, la radi Jolteon, la moto Flareon. Au umbadilishane na mwenzako mwenye Ruby, Sapphire au Emerald, ageukie huko.

Na huko nako uwe macho, manake hizo tatu zimekata siku kwa namna yake: saa sita mchana mpaka saa sita usiku ni Espeon, saa sita usiku mpaka saa sita mchana ni Umbreon. Yaani saa tano usiku unapata mnyama wa jua na saa mbili asubuhi unapata mnyama wa mwezi. Ukiwasha ikakwambia betri ya ndani imeisha, sevu yako haijapotea, lakini saa imesimama, na kwa Eevee saa iliyosimama utakwama nayo upande mmoja mpaka uweke betri mpya.

SWALI: Kaka mimi ni mtu wa Pokémon GO, natembea sana Mama Ngina pale jioni. Nasikia kuna majina ya kumwandikia Eevee anageuka unavyotaka lakini mimi nishayatumia. Nitampataje Umbreon wa pili? Na usiku wao unaanza saa ngapi hasa?

Majina ni Sakura kwa Espeon na Tamao kwa Umbreon, na kila jina linakubali mara moja tu, kwa hivo ndio umemaliza. Sasa ni miguu. Mfanye Eevee awe mwenzako wa kutembea, mtembee kilomita 10, na akuletee peremende mbili katika hiyo safari, halafu umgeuze usiku *akiwa bado ni mwenzako*. Hapo ndipo watu wanaharibu, wanamaliza kilomita, wanaona Pokémon mwingine mzuri wanambadilisha, wanakuja kugeuza wanapata Jolteon. Andaa peremende 25. Masharti yakikamilika utaona kivuli cha Umbreon kwenye kile kitufe cha kugeuza, na kama kivuli hakipo usibonyeze, tafadhali.

Kuhusu usiku, GO haiendi na saa ya kuandika kama hizo nyingine, inafuata jua la mahali ulipo, na hapa ndipo sisi tumebahatika. Mwenzako wa Ulaya kiangazi anangoja giza mpaka analala, na kipupwe likaja mapema mno. Mombasa jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, halisogei zaidi ya kama nusu saa. Ukiwa pale ukutani unaangalia meli zinaingia mlango wa Kilindini, adhana ya magharibi ikaisha, fungua simu uangalie mbingu ya ramani. Ikigeuka rangi ya usiku, mgeuze. Mimi wa kwangu nlimgeuzia pale pale nikiwa na mihogo ya kukaanga mkono mmoja, pilipili na ndimu zinanichuruzika mpaka kwenye simu, na wale watoto waliokuwa karibu wote wakaja kuangalia zile pete za manjano.

SWALI: Mimi ni mama, sichezi. Binti yangu wa miaka kumi na moja ana Ultra Moon na anasema lazima awe kwenye gemu saa kumi na moja jioni la sivyo Rockruff wake hatageuka vizuri. Saa hiyo yuko madrasa. Ananidanganya?

Hakudanganyi mama, amesoma sawa ila amesahau kitu kimoja, na kitakufurahisha.

Rockruff, Pokémon wa binti yako, ana maumbo matatu ya kugeukia, na lile la magharibi, la rangi ya machungwa, linapatikana kuanzia 17:00 mpaka 17:59 tu, saa moja katika siku nzima. Kwanza aangalie uwezo wa Rockruff wake, lazima uwe umeandikwa Own Tempo. Kama ni Rockruff wa kawaida hilo umbo hatalipata hata akeshe, kwa Ultra Moon yule wa kawaida anageuka usiku wa gemu na anakuwa yule mwekundu anayesimama kwa miguu miwili. Na awe amefika levo 25, akiwa amepita sio neno, atageuka levo yoyote inayofuata.

Alichosahau ni hiki: Ultra Moon imepishana na saa ya 3DS, ile mashine anayochezea, kwa saa kumi na mbili. Nje mchana, ndani usiku. Kwa hivo ile 17:00 ya ndani ya gemu sio saa kumi na moja ya jioni, ni saa kumi na moja ya alfajiri. Akishaswali swala ya alfajiri, kabla hajavaa yunifomu, ampandishe levo moja tu. Ana mpaka saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Madrasa aende.