Akili ni hizi hizi, ila wenzetu husema mapema

Mhariri, salamu. Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama wanasayansi wana akili tofauti na zetu ama ni namna ya kuitazama dunia tu. Mie nasema akili ni hizi hizi, na ubishi ni huu huu, tena wengine wabishi kutushinda sie wa barazani huku Kibokoni. Tofauti naiona moja tu, wao wanasema mapema kitakachotokea, wanaandika, alafu wanangoja wasifiwe au waumbuke.

Chukua maji ya bahari. Mvuvi wa Mtongwe anajua bamvua na maji mafu bila kufungua kitabu, anajua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yatajaa sana na kupwa sana, na kila siku yanachelewa kidogo, na sioni kwa nini hiyo isiitwe elimu. Ila mwanasayansi hatosheki na hiyo "kidogo", atakwambia ni kama dakika 50, manake mwezi nao uko safarini na dunia ikishajizungusha lazima iufukuzie tena, basi inapigwa hesabu na jedwali la maji ya bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, linatolewa na saa na dakika zake kabla mwaka haujaanza. Nahodha ambaye hajawahi kuiona Mombasa anaweza kulishika na kuwakosoa hao walioliandika. Mvuvi wetu ukitaka kumkosoa labda uingie naye chomboni.

Sasa kusema mapema kuna raha na kuna balaa, na yote mawili yalimpata mtu mmoja, mtaalamu wa nyota Mfaransa Urbain Le Verrier. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyohesabiwa, yeye akasema kuna sayari nyengine huko nyuma inaivuta, akapiga hesabu akaandikia watazama nyota wa Berlin watazame pahali fulani, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 mmoja wao, Johann Galle, akaiona Neptune, haikupishana na hesabu hata digrii moja. Hebu fikiria, sayari nzima imepatikana kwa kalamu!

Miaka 13 baadaye Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, nayo ikaonekana inapotoka kidogo kwenye njia iliyohesabiwa, na bwana yule yule kwa hesabu za namna ile ile akasema kuna kitu kati yake na jua, ikaitwa Vulcan. Watu waliitafuta wee, wengine wakaapa wameiona. Haikuwepo. Le Verrier alikufa 1877 bado anaiamini, ndo nikasema ubishi ni ule ule, lakini kwa kuwa alishaandika, wenzake waliendelea kutazama hata yeye hayupo, hawakuona kitu, na lile pengo kati ya hesabu na njia ya Utaridi likabaki vitabuni linasumbua watu mpaka Novemba 1915 Einstein alipokuja na hesabu nyengine kabisa ya mvutano, ikatoa sekunde 43 za pembe (si za saa, hizi ni digrii moja ukiigawa mafungu 3,600) kwa miaka 100, vile vile ilivyokuwa ikikosekana, bila sayari yoyote ya kuongeza.