Msanii anayetaka hadithi za wanakijiji zilete mabadiliko: mchango wangu

Mleta uzi ameuliza hivi: ni mchoraji, anapiga picha na anaandika mashairi kidogo. Ana kikundi cha vijana wilayani kwao na anataka kukusanya hadithi za wanakijiji ili zilete mabadiliko. Aanze na igizo, maonyesho ya picha au video? Wadau wengi mmemjibu kuhusu kamera na vibali. Mimi kazi hii nimeifanya miaka kadhaa, zaidi upande wa Morogoro, kwa hiyo nivumilieni, jibu langu ni refu.

Mkuu, swali la igizo au picha liweke kiporo. Jiulize kwanza siku ya onyesho nani atakaa benchi la mbele. Kama tatizo la watu ni maji na benchi la mbele wamekaa wafadhili na mpiga picha wao, umeandaa burudani. Kama amekaa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na kamati ya maji, hapo kuna kazi. Hadithi ya mama aliyelala bombani inabadili jambo pale inaposikika na mwenye uwezo wa kulibadili, tena mbele ya majirani zake, ili kesho asiseme hakuambiwa.

Hili halijaanza na sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo begani. Walikaa na wanakijiji, wakachambua nao matatizo yao, kisha wanakijiji wenyewe wakayatungia ngoma na maigizo kwa mtindo wanaoujua, na baada ya onyesho mjadala ukaendelea. Mwaka 1996 njia hiyo ikazaa Tuseme, mpango wa kuwapa wasichana wa sekondari sauti kuhusu yanayowakwamisha shuleni. Waliopita kwenye klabu zile wanakumbuka: kwanza mnataja tatizo, mnalichambua, ndipo mnaigiza. Siku hizi vikundi vingi vinarukia hatua ya mwisho kwa sababu ndiyo inayotoka vizuri kwenye picha.

Sasa nikupe mfano. Kijiji kimoja, jina naliacha, kilikuwa na bomba moja linalotoa maji saa chache tu. Akina mama wanapanga madumu foleni tangu usiku. Asubuhi anakuja kijana na toroli la madumu, anaongea pembeni na msimamizi wa bomba, anajaza yote, mwenye dumu moja anabaki anamwangalia. Mradi ulikuwa wa picha na igizo kwa pamoja. Mpiga picha wetu aliamua kuwa hatapiga sura ya mtu, atapiga madumu tu yakiwa kwenye foleni, ili asimweke mtu matatani. Wazo zuri. Picha zilipooshwa tukazitandika kwenye mkeka, akina mama wakaziangalia, mmoja akacheka: "Hili lenye kitambaa cha kitenge kwenye mkono ni la mama fulani, na hili la rangi nyekundu kila mtu analijua." Kumbe kila dumu lina alama yake, na kijijini alama inatosha kumtambulisha mtu kuliko sura. Wakakaa kikao wenyewe. Wengine wakasema dumu langu liacheni, naomba lionekane. Wengine wakabadilishana vitambaa na picha zikapigwa upya. Sisi kazi yetu ikawa kushika kamera.

Kutoka kwenye mkeka ule hadithi zilitoka zenyewe. Usiende na dodoso la "tueleze changamoto zako", utapata majibu ya semina. Weka kitu mezani, picha, dumu, kanga ya zamani, watu wakishike. Hapo ndipo kuchanganya sanaa kunapolipa: picha inafungua mdomo, wimbo unabeba lile ambalo mtu hawezi kulitamka kavu, igizo linaliweka mbele ya wakubwa.

Siku ya igizo tulitumia njia ambayo Mbrazili Augusto Boal aliikuza miaka ya 1970 akiwa Peru: mnacheza kisa hadi kinapoharibika, mnakisimamisha, mnakirudia, na yeyote katika watazamaji anaruhusiwa kuingia na kuchukua nafasi ya anayeonewa ajaribu njia yake. Binti mmoja akaingia, akambembeleza msimamizi wa bomba. Hakupata maji. Mama mwingine akaingia akafoka, watu wakapiga vigelegele, naye hakupata. Kisha akaingia bibi mmoja na dumu lake halisi. Bibi huyo hakumwangalia mwigizaji wetu hata kidogo. Akaligeuzia mgongo bomba letu la mabanzi, akamtazama mwenyekiti aliyekaa pale benchini na kumwuliza: "Mwenyekiti, shikamoo sikupi maana nimekuzidi. Daftari la mapato ya maji liko wapi?"

Igizo likaishia pale. Mwenyekiti akajibu lipo, akaulizwa nani analiweka, na mjadala ukachukua muda kuliko onyesho lote. Mwezeshaji alikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha watu wanaongea kwa zamu na msimamizi wa bomba hatukanwi, kwa sababu naye ana watoto hapo kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji uliofuata, mapato yakasomwa, na matoroli yakapangiwa muda baada ya akina mama. Maji hayakuongezeka hata tone. Anayekuahidi kwamba sanaa itachimba kisima anakudanganya, lakini foleni ilikuwa na haki zaidi.

Usisahau pia kwamba kazi hii ikifanikiwa sana inaudhi. Kamiriithu, kule Limuru, Kenya, wanakijiji na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi wao wenyewe, wakawa wanakuja kwenye mazoezi na kuwasahihisha waandishi Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii maneno ya tamthiliya yao ya Kikuyu. Mwaka 1977 ikapigwa marufuku baada ya wiki chache tu, mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Sisemi uogope. Nasema barua ya utambulisho kutoka halmashauri uipeleke mapema, mtendaji aisome mwenyewe, na kabla ya onyesho wanakijiji waamue lipi linasemwa hadharani na lipi linabaki kikaoni. Wewe mwisho wa mradi unapanda basi, wao wanabaki na mwenyekiti yuleyule.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Kuna wafadhili wanakuja na jibu mfukoni: ujumbe ni huu, tungeni igizo. Nimeshuhudia kijiji kinacholia njaa kikiigiziwa unawaji wa mikono. Ukipata fedha ya namna hiyo, jaribu kuomba wiki za mwanzo ziwe za kusikiliza tu, zisiwe na ujumbe. Wengine wanakubali ukieleza vizuri. Asiyekubali, kazi yake ni tangazo, ifanye kama tangazo na ulipwe bei ya tangazo. Posho nayo: mwanakijiji anayeacha shamba kuja mazoezini anastahili kupewa kitu kama vijana wako wanavyopewa, na kiwango kitajwe mbele ya wote siku ya kwanza. Fitina nyingi za vikundi nilizoona zilianzia kwenye bahasha.

Video mimi ningeiacha mwisho kabisa. Ikishaingia mtandaoni hairudi, na aliyekubali kusimulia mbele ya kijiji hajakubali kusimulia mbele ya shemeji yake aliyeko Dar. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwa ajili ya kurekodi, kisha uombe tena kabla ya kurusha.

Halafu mkuu, hujatuambia uko wilaya gani wala tatizo lenyewe ni lipi. Liweke hapa, maana ardhi haigusiki kama maji, na kama ni mambo ya mimba za wanafunzi nitakushauri vingine kabisa.