Kuwinda kulungu kwenye msitu wa taifa, Colorado

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuwinda kulungu kwenye msitu wa taifa huko Colorado, Marekani. Ndiyo, inaruhusiwa na humlipi mtu kwa ajili ya ardhi. Ila lazima uwe na leseni ya jimbo. Ardhi ni ya serikali kuu, lakini wanyama wanasimamiwa na Colorado, na hapo ndipo wengi wetu tunachanganya. Hifadhi ya taifa ni kitu kingine kabisa: ukivuka mpaka ukaingia hifadhi ya Rocky Mountain ukawinda humo, umevunja sheria, maana humo hakuwindwi.

Kama umezaliwa 1949 au baadaye, wanataka cheti cha mafunzo ya uwindaji kwanza. Mimi niliyasoma haya kwenye darasa hilo. Leseni nyingi za kulungu kwa bunduki hutolewa kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo usingoje msimu ufike.

Ukishaingia msituni, usifyatue risasi chini ya yadi 150 (kama mita 137) kutoka nyumba, kambi au mahali penye watu, wala usipige risasi ikakatisha barabara. Msimu wa bunduki vaa rangi ya chungwa inayong'aa au ya waridi, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia. Hili tafadhali usilipuuze, wawindaji wengine hawakuoni.

Na kama uko kwa viza ya matembezi, hata bunduki ya kuazima usiishike kabla hujapata leseni ya kuwinda. Sheria ya serikali kuu inakataza.