Ukienda Naoshima, anza na kalenda

Mara ya kwanza nilifika Naoshima, kisiwa cha Japani chenye makumbusho ya sanaa, siku ya Jumatatu. Nilikuwa Osaka kwa mafunzo ya miezi mitatu, na Jumatatu ile tulipewa mapumziko. Nikapanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, mpaka Okayama, nikabadili treni mpaka Uno, nikavuka kwa kivuko dakika 20 mpaka bandari ya Miyanoura. Kufika, Makumbusho ya Sanaa ya Chichu yamefungwa. Tangu sekondari, mwalimu wetu alipotuonyesha mayungiyungi yaliyochorwa na Mfaransa Claude Monet kwenye kitabu kilichopauka, nilikuwa na hamu ya kuyaona kwa macho yangu, na humo Chichu ndimo yalimo. Usiku ule nilirudi Osaka nimenyong'onyea.

Kwa hiyo ukinuia kwenda Japani kwa ajili ya sanaa, shika kalenda kabla hujakata tiketi ya ndege. Makumbusho mengi kule hufungwa Jumatatu. Jumatatu ikiangukia sikukuu ya kitaifa, kwa kawaida hufunguliwa siku hiyo na kufungwa Jumanne yake. Mwisho wa mwaka karibu yote hufunga milango kwa siku kadhaa, na mengine hufungwa pia wakati wa kubadilisha maonyesho. Visiwani nako kuna utaratibu wake: Chichu hupumzika Jumatatu, ilhali makumbusho ya sanaa ya kisiwa jirani cha Teshima hupumzika Jumanne. Ningelijua hilo siku ile, ningepanda boti ya Teshima palepale Uno.

Halafu hakikisha kwamba mchoro unaoufuata utakuwepo ukutani. Hili wageni wengi hatulijui. Michoro mingi ya jadi ya Kijapani imechorwa juu ya hariri au karatasi, na mwanga huiharibu, kwa hiyo hutolewa kwa wiki chache kisha hurudishwa ghalani. Makumbusho ya Nezu, Tokyo, yana viambaza vya kukunja vya mchoraji wa zamani Ogata Kōrin, maua ya buluu juu ya dhahabu tupu. Kwa kawaida huonyeshwa kati ya Aprili na Mei, maua ya aina hiyohiyo yanapochanua bustanini nje. Ukienda Oktoba utaona vitu vingine vizuri, lakini si hivyo.

Safari ya pili ya Naoshima nilikata tiketi ya makumbusho kwanza. Chichu huingiza watu kwa saa maalumu. Unanunua mtandaoni na kuchagua siku na saa. Treni na kivuko nilivipanga baadaye, kufuata saa ile. Acha nafasi ya saa nzima au zaidi baada ya kushuka bandarini, maana mabasi ya kisiwani ni machache.

Jengo lenyewe ni kazi ya msanifu Tadao Ando, lilifunguliwa mwaka 2004. Jina Chichu maana yake ni ndani ya ardhi, na kweli limefukiwa kilimani ili lisiharibu sura ya pwani. Kwenye chumba cha Monet unavua viatu na kuvaa ndara walizoweka mlangoni. Kuna michoro mitano na hakuna taa hata moja, ni mwanga wa jua tu unaoshuka kutoka juu. Wingu lilipopita, buluu ya maji iligeuka kijivu mbele ya macho yangu. Lilipoondoka, rangi ya waridi ya maua ikarudi. Nilikaa mle karibu dakika 40 na bado niliona ni kidogo. Ndiyo maana nakuomba usirundike makumbusho matatu kwenye siku moja. Anayekimbia huona chumba kile katika mwanga wa aina moja tu.

Ndani ya Chichu picha haziruhusiwi. Ukitaka kupiga, nenda pwani kwenye boga la njano, sanamu ya msanii Yayoi Kusama, lililozolewa na kimbunga mwaka 2021 na kurudishwa 2022. Ukipenda kuchora au kuandika ukiwa ndani ya makumbusho, beba penseli, kwa sababu kumbi nyingi hazitaki kalamu ya wino karibu na kazi za sanaa. Weka pia sarafu za yeni 100 mfukoni: makabati mengi ya mizigo hufungwa kwa sarafu, na unarudishiwa ukifungua. Vaa viatu vyepesi kuvua.

Na asubuhi, kabla hujaondoka bandarini, piga picha ya ratiba ya vivuko vya kurudi. Vya jioni ni vichache, na nyumba za wageni pale kisiwani hujaa mapema.