Gasketi Haiungui Bure: Pikapu ya Baba na Mlima Kitonga

Juzi msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Hilux yake ya dizeli imebadilishwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha injini) na bloku (mwili wa injini), mara mbili ndani ya miezi mitatu, na bado inachemsha. "Kaka, niiuze tu?" Ujumbe ule niliusoma nikiwa nimekaa ndani ya pikapu yangu, na moyo uliniuma. Yaliyompata yeye yalinipata mimi.

Yangu ni ya injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo. Baba aliniachia. Naitumia kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, na anayeijua njia hiyo anajua kuwa lazima upande Mlima Kitonga. Siku hiyo, kwenye zile kona, mshale wa joto ulianza kupanda. Nikasema nitasimama nikifika juu. Kosa hilo ni langu na nalikiri. Nilipofika juu moshi mweupe ulikuwa umetanda nyuma, na rejeta haikuwa na maji.

Nilivutwa hadi gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi alishusha hedi, akaipangusa kwa kitambaa, akaweka gasketi mpya, akarudishia bolti zilezile na kuzikaza kwa kukisia mkono. Thamostati, ile valvu inayoongoza maji ya injini kulingana na joto, akaitupa, akasema kwenye nchi ya joto haina kazi. Nililipa. Wiki ya tatu, Kitonga ileile, mshale ukapanda tena. Niliporudi kwake aliniambia mbele ya watu kwamba gari lile ni la kuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Gari la marehemu baba yangu! Sikujibu neno. Nililivuta hadi nyumbani, nikalipaki chini ya mwembe, nikaazima vifaa.

Kufungua sitakusimulia, ni jasho tu. Piga picha kwa simu kila hatua, na kabla ya kutoa taimingi belti, mkanda unaozungusha sehemu za injini kwa mpangilio mmoja, hakikisha unazijua alama za krenki, kamshafti na pampu ya dizeli. Ukikosea hapo, valvu zitagonga pistoni.

Somo lenyewe lilianza hedi ilipokuwa juu ya meza. Niliisafisha ikang'aa, nikaweka rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana, kisha kutoka kona hadi kona. Chini ya rula nikapitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, fila ilipita bila kugusa. Hedi ilikuwa imepinda! Gasketi aliyoweka fundi ilikuwa imebanwa juu ya chuma kisicho sawa, ingeshikaje? Niliipeleka kwenye karakana yenye mashine, wakaipima kwa presha kuona kama ina ufa kati ya valvu, kisha wakaisaga ikanyooka. Nasema tena: pima hedi. Ndugu zangu, tuache kutibu homa bila kupima damu. Mtu analipia gasketi tatu akikwepa gharama ya kupima mara moja.

Nilipokwenda dukani nikajifunza jingine. Gasketi za injini hii zina unene tofauti, zimewekwa herufi B, D na F, kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Niliichukua ya zamani mkononi nikadai yenye herufi ileile. Muuzaji alinuna, lakini alinitafutia.

Bolti za hedi ziko 18. Nilinunua mpya, nikafyonza maji na oili yote kwenye matundu yake, maana bolti ikikuta maji chini inadanganya mkono na inaweza kupasua bloku. Nikazipaka oili kidogo, nikaanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, hadi nyutoni mita 78 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kisha nikaweka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, nikazungusha nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu nyuzi 90 nyingine. Hapa usikisie.

Nilipotaka kufunga, nikajiuliza kwa nini ilichemsha tangu mwanzo. Nilipofungua rejeta, nusu ya njia zake zilikuwa zimezibwa na kutu. Na ile thamostati iliyotupwa ndiyo huziba njia ya mkato injini ikipata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupoa. Nilisafisha rejeta, nikaweka thamostati mpya na kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Aliyeniambia haina kazi alinigharimu gasketi moja na machozi.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usiuze. Shusha hedi, iwekee rula wewe mwenyewe, usikubali kuambiwa tu kwamba imepimwa. Pima hedi, kagua rejeta, rudisha thamostati, nunua bolti mpya. Kama unaogopa, mwite fundi, ila simama naye uone fila inapita wapi.

Jumamosi nilipanda Kitonga na magunia manane. Mama alikuwa pembeni yangu, na mshale haukupita nusu. Tulipofika juu alipapasa dashibodi kwa kiganja, kama baba alivyokuwa akifanya, akaniomba tusimame kidogo.